Maporomoko ya Nile yaliyobaki Jinja yawekewe sheria kabla bwawa lingine halijatajwa

Kafi la Nyanza
Habari zenu wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka asome aya hii moja tu aendelee na shughuli zake. Hapa Jinja, Uganda, Mto Nile umebakiwa na kipande kimoja chenye maporomoko makubwa ya asili kabla haujafika Ziwa Kyoga, yaani Kalagala na Itanda na yale ya jirani zake. Kinachozuia yasijengewe bwawa mpaka leo ni ahadi iliyoandikwa kwenye mkataba kati ya serikali na Benki ya Dunia. Sheria haipo. Sisi tunaoshinda juu ya maji na makafi mkononi tunataka iwepo, na nimekuja hapa tusaidiane kufikiri njia.

Mimi mzaliwa wa Mwanza, kazi yangu ni kuongoza rafti (boti za mpira za kushukia maporomoko) huku, kwa iyo ninayoandika hapa sijasimuliwa.

Tuanze na maji yenyewe. Nile ikitoka Ziwa Victoria hapa Jinja inashuka karibu mita 100 mpaka ifike Kyoga. Hizo mita ndo kila kitu. Zikitawanyika kwenye miamba na visiwa unapata maporomoko, unapata mawimbi yanayosimama palepale mwaka mzima, maji mengi, ya vuguvugu, mapana, ambayo hata boti ikipinduka mara nyingi mtu anaibukia kwenye dimbwi kubwa lililotulia sio kwenye mawe. Ndo maana waendesha kayaki (viboti vyembamba vya kafi) wa dunia nzima walikuwa wanakuja kukaa huku miezi na miezi wakikimbia baridi kwao, na vijana wa hapahapa wakajifunza wakawa wazuri kuliko wageni wengi. Sasa injinia wa umeme naye anazitaka mita zilezile, maana maji yasipoanguka turbaini haizunguki. Hakuna mita za kayaki na mita za umeme, ni zilezile moja kwa moja, ukimpa huyu umemnyima yule.

Na bwawa halizamishi pale ukuta ulipo tu. Maji yanarudi nyuma, yanajaa, yanafunika kila kitu juu ya mto mpaka yafike usawa wa ukuta. Mto unageuka ngazi: ukuta, ziwa tambarare, ukuta, ziwa tambarare. Katikati hapo maporomoko hayapo tena, yako chini ya maji yaliyolala.

Ukuta wa kwanza ni Owen Falls, sasa unaitwa Nalubaale, ulifunguliwa 1954, na maporomoko ya Ripon pale mto unapotokea ziwani yakaisha. Baadae Kiira ikajengwa pembeni yake. Mwaka 2012 ikaja Bujagali, megawati 250, maporomoko ya Bujagali yakazama, na pamoja nayo poromoko la Silverback, ambalo wazee wa rafti wakilitaja mpaka leo unaona sura inabadilika. Safari za rafti zikahamia chini ya ukuta. 2019 ikafunguliwa Isimba, megawati 183, kwa mkopo wa Exim Bank ya China, na bwawa lake likarudi nyuma likameza sehemu ya chini ya kipande tulichokuwa tumehamia, pamoja na wimbi la Nile Special. Wale wasiolijua, lile lilikuwa moja ya mawimbi bora duniani kwa mchezo wa kayaki, watu walikuwa wanapanda ndege kwa ajili ya wimbi moja tu lile.

Hapo katikati ndo naomba mtulie. Bujagali ilipokuwa inatafuta pesa, Benki ya Dunia ilikubali kuweka dhamana, na 2007 serikali ya Uganda ikasaini mkataba wa dhamana ikiahidi kwamba kwa kuwa Bujagali inapotea basi Kalagala itatunzwa kwa ajili ya mazingira na utalii na haitajengwa umeme pale. Na misitu ikaingizwa humo, Mabira, na ile ya ukingo wa Nile. Watu wakapumua. Tukaambiana hiki kimoja kimebaki, kiko salama.

Alafu ikaja Isimba, ukuta mrefu kuliko ule ambao watu wa mto walikuwa wanaomba, na maji yake yakaingia ndani ya eneo lililoahidiwa. Barua ziliandikwa, saini zikakusanywa, waendesha kayaki na makampuni ya rafti walipiga kelele miaka. Kilichotokea ni kwamba 2018 mkataba uliandikwa upya, eneo la ahadi likapangwa upya, bwawa likajaa. Yaani pande mbili zilizosaini zilikaa zikakubaliana, basi. Kijiji hakikuwa na kiti pale, sisi pia.

Ndo hoja yangu nzima. Ahadi ya mkataba wanaibadilisha waliosaini. Sheria angalau lazima ipite bungeni, mchana, watu wanaona.

Mzee wa Nyakato
Mwanangu Kafi nimekusoma neno kwa neno. Mi nauliza la huku kwetu Mwanza, ziwa ni moja. Nakumbuka ule mwaka 2005 kwenda 2006 maji yalirudi mpaka mitumbwi ikabaki kwenye tope, alafu 2020 yakapanda yakaingia kwenye nyumba za watu. Hayo mabwawa ndiyo yanachezea ziwa letu au ni mvua?

Kafi la Nyanza
Shikamoo mzee. Ni vyote viwili. Tangu 1954 mlango wa kutokea maji si mwamba tena, ni mageti, na kuna kanuni ya zamani iliyokubaliwa kwamba maji yanayotoka yafuate usawa wa ziwa, ziwa likiwa juu yatoke mengi, likiwa chini yatoke kidogo, kana kwamba Ripon bado ipo. Kwenye ule ukame wa 2005 na 2006 yalitolewa zaidi ya kanuni ili umeme upatikane, hilo liliandikwa sana wakati ule, na ukame nao ukazidisha. Ya 2020 ilikuwa mvua kubwa kwelikweli, ziwa lilipanda kupita rekodi zote. Ila Kalagala na Itanda ziko chini ya hayo mageti, kuzilinda hakuongezi wala kupunguza tone la Mwanza. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akatumia ziwa kama kisingizio.

Fundi Saketi
Nisikilizwe na mimi bila matusi tafadhali. Nimekulia kijiji ambacho tulisomea kibatari, mama yangu amejifungulia kwenye zahanati ya taa ya chemli. Leo mnaniambia mto uachwe kwa ajili ya watu wenye vihelmeti wanaocheza kwenye mawimbi, tena wengi wanatoka kwenye nchi ambazo mito yao yote walishaijengea mabwawa wakatajirika. Uganda ile ya 2006 mnaikumbuka? Mgao wa masaa mpaka masaa, viwanda vinazima, serikali inakodi majenereta ya dizeli kwa bei ya kuua. Bujagali ndo ilipunguza yale mateso. Mto una thamani ndio, ila mtu kwanza.

Binti Kisauni
Fundi ana point jamani tusimpite. Mimi pia niliuliza hilo moyoni, hawa wapiga makafi wanatetea mto ama wanatetea kazi zao?

Kafi la Nyanza
Fundi, sikupingi kwenye kibatari, na sijasema Bujagali ivunjwe. Bujagali ilileta umeme, kweli kabisa, na mgao ule nchi ilikuwa inaumwa. Lakini angalia leo. Baada ya bwawa la Karuma, megawati 600, iliyozinduliwa rasmi 2024, Uganda ina uwezo wa kuzalisha zaidi ya megawati 2,000 na nchi haiwezi kuutumia wote. Tatizo la kijijini kwako, kama ni huku, sio kwamba maji hayajaanguka vya kutosha, ni nguzo, ni waya, ni transfoma, ni gharama ya kuunganishiwa. Umeme upo Jinja unavuma kwenye nyaya kubwa unapita juu ya paa la bibi anayepikia kuni hapa Buwenda, nenda ukamuulize. Ukimwongezea bwawa la nne hatawasha taa. Na mnakumbuka Agosti 2022, Isimba yenyewe iliingiwa na maji kwenye nyumba ya mitambo ikazimwa na umeme ukapungua nchini, kwa hiyo hata kuweka kila kitu kwenye mto mmoja ni hatari ya aina yake.

Dada Binti, tunatetea vyote viwili, kazi na mto, na sioni aibu. Rafti moja ikishuka inalisha waongozaji, waokoaji wa kwenye kayaki, dereva, anayekaanga chapati kwa ajili ya wageni, mwenye nyumba ya kulala, bodaboda, kijana anayebeba boti kupandisha ule mlima wa mwisho. Hakuna kiwanda pale kitakachowachukua hao wote ukizamisha maji.

Boda wa Njeru
Mimi ni wa hapa hapa, Kiswahili changu cha Uganda mtanivumilia. Nimebeba hao watu wa kayaki miaka mingi, boti inafungwa nyuma ya boda, tunaenda.

Nataka kusema kitu. Wakati wa Bujagali kulikuwa na vijana wetu walikuwa wanashuka maporomoko na jerikeni tu, wanaikumbatia wanaingia kwenye maji, watalii wanapiga picha wanatoa pesa. Na kulikuwa na mambo ya wakubwa wetu, Bujagali si jiwe tu, ni mahali pa roho ya Basoga, na wazee walikataa sana kuhamishwa. Watu wa NAPE, shirika la mazingira la Uganda, walipeleka malalamiko mpaka kwa jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia, 2001 na tena 2007. Kwa hiyo msiseme kama vile muzungu wa kayaki ndiye alikuja kutufundisha kupenda mto. Sisi tulikuwa tunapigana kabla.

Na Itanda ni hivyo hivyo, kuna sehemu za ibada, watu wanakuja kuomba. Upande ule mwingine, Kayunga, Kalagala, Baganda nao wana zao. Kama mtaandika sheria, muandike hizo. Na wavuvi. Kama sheria yenu itakuja na askari wa kuwafukuza wavuvi na wanawake wanaochota maji ili watalii wapite vizuri, mimi nitakuwa wa kwanza kuipinga.

Kafi la Nyanza
Boda asante sana, na hiki ndo nataka kiwe cha kwanza kwenye karatasi yoyote tutakayoandika. Wapiga kafi peke yetu hatuna uzito. Tukienda bungeni tumevaa life jaketi tutapigwa picha tutarudi nyumbani. Akiingia mzee wa Itanda na mvuvi wa Kayunga na mwalimu wa shule iliyo kando ya mto, na sisi tuko nyuma yao na vipimo na video, hapo kuna kesi.

Wakili wa Arusha
Naomba niingie hapa kwa upande wa sheria, kwa sababu naona mnazunguka jambo ambalo lina majibu kiasi.

Kwanza, Kafi yuko sahihi kuhusu mkataba wa dhamana. Wahusika wake ni serikali na benki. Mwanakijiji wa Itanda au mwendesha kayaki hawezi kusimama mahakamani akasema umenivunjia mkataba, hakuwa sehemu yake. Na nguvu ya benki juu ya mkopaji inategemea uhusiano wa pesa uliopo, uhusiano huo ukibadilika na nguvu nayo inabadilika. Bwawa likijengwa kwa pesa za benki nyingine kabisa, kama ilivyokuwa Isimba, unaona wenyewe kilichotokea.

Pili, na hili wengi hawalijui, Uganda ina sheria ya mazingira ya 2019 ambayo imeandika wazi kwamba mazingira ya asili yenyewe yana haki ya kuwepo, kuendelea na kujirudishia mzunguko wake wa uhai, na mtu yeyote anaweza kufungua shauri haki hizo zikivunjwa. Ni kati ya nchi chache Afrika zilizoweka hilo kwenye sheria ya bunge. Hiyo ni silaha, ila bado haijafanyiwa kazi sana, na mahakama inahitaji ushahidi, haiamui kwa mapenzi. Katiba yao pia, ibara ya 39, inatoa haki ya mazingira safi na yenye afya. Na kanuni za mwaka 2000 zinaweka ukanda wa mita 100 kila upande wa Nile usiguswe bila kibali. Kwa kulinganisha sisi Tanzania sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60. Lakini ona tofauti: ukanda wa mita 100 unalinda ukingo dhidi ya shamba na nyumba. Hauzuii bwawa la serikali lenye vibali vyote. Kwa hiyo mnachotaka nyinyi ni kitu kingine, ni tamko kwamba kipande hiki cha mto, kutoka hapa mpaka pale, kinaachwa kitiririke, na kukiondolea hadhi hiyo lazima bunge likubali. Misitu yao ya hifadhi iko hivyo tayari, huwezi kuifuta kwa barua ya waziri peke yake.

Binti Kisauni
Wakili lakini si Mabira ilikuwa msitu wa hifadhi na bado walitaka kuikata wapande miwa? Nakumbuka 2007 watu walikufa Kampala kwenye maandamano.

Wakili wa Arusha
Umesema kweli dada, na ni mfano unaofaa pande zote mbili. Mpango ulikuwa kugawa karibu robo ya msitu kwa kiwanda cha sukari. Ila kwa sababu ulikuwa hifadhi ya kisheria, serikali ililazimika kutaka ubadilishwe hadharani, watu wakajua, makanisa, Buganda, wanafunzi, wote wakasimama, na ukaachwa. Isimba haikuwa na hatua kama hiyo. Mabadiliko ya 2018 wananchi wengi waliyasikia yameshafanyika.

Na maporomoko ya Murchison, Uganda hukohuko, hivyohivyo. 2019 kampuni ya Bonang ya Afrika Kusini iliomba kujenga bwawa pale, ndani ya hifadhi ya taifa kabisa. Tangazo likatoka kwenye gazeti kwa mujibu wa sheria, waongoza watalii wakalipuka, waziri wa utalii akasema serikali imekataa, baadaye mwaka huohuo upembuzi yakinifu ukaruhusiwa tena. Bwawa halijajengwa. Hadhi ya hifadhi haikumaliza vita, ila iliwapa watu pa kusimamia.

La tatu, jamani hili mliweke akilini. Mahakama ya Afrika Mashariki iko hapa Arusha na ina nguvu. 2014 iliizuia Tanzania isijenge barabara ya lami kukatiza Serengeti. Lakini mkataba wa jumuiya unasema shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu uamuzi unaoulalamikia au tangu ulipoujua. Ile kesi ya bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima mpaka Tanga ilitupwa Novemba 2023 kwa sababu ya muda tu, hawakuingia hata kwenye mazingira. Miezi miwili! Kwa hiyo mkisubiri katapila lifike Itanda ndipo mtafute wakili mmeshachelewa. Faili liwe tayari kabla.

Sagana Current
Wasee, mimi napiga kafi Tana hapa Sagana, Kenya, nimefuata hii thread tangu asubuhi nikiwa kazini sijafanya kazi lol. Seriously though, sisi wote hapa tulijifunza maji makubwa Jinja. Ukitaka kuwa mtu wa rafti East Africa lazima upitie Itanda, hata kama utaizunguka kwa miguu mara ya kwanza, kwa sababu ile ni gredi 6 sehemu zake, yaani ugumu wa juu kabisa, hakuna aibu kutembea.

Nataka niongezee ya Zambezi. Chini ya Victoria Falls kuna Batoka Gorge, one day rafting bora zaidi duniani watu wengi husema, na Zambia na Zimbabwe zimekuwa zikipanga bwawa la megawati 2,400 hapo tangu zamani. Guides wa kule wamekuwa wakipiga kelele peke yao, wa Jinja peke yao, sisi peke yetu. Kwani hatuwezi fanya kitu pamoja? Mkiwa na karatasi yenu ya Itanda ilete, tutaweka saini kama Wakenya, maana hata kama si mto wetu, kazi zetu zimezaliwa huko bana.

Binti Kisauni
Na kuna mahali popote hii imewahi kufanya kazi? Yaani watu wa kayaki wakaenda mpaka mto ukawekwa kwenye sheria? Ama ni ndoto.

Kafi la Nyanza
Imefanya kazi dada, na ndo inayonipa moyo.

Uchukue Albania, mto Vjosa. Unaanzia Ugiriki unapita Albania mpaka Adriatic, kama kilomita 270, na mkondo wake mkuu haukuwa na bwawa upande wa Albania, kitu ambacho Ulaya karibu hakipo tena. Mabwawa mawili yalipangwa, Kalivaç na Poçem. Kuna jamaa wa Slovenia, Rok Rozman, alikuwa mpiga makasia wa Olimpiki alafu akahamia kayaki, 2016 akakusanya wenzake wakapiga kafi mto baada ya mto kwenye nchi za Balkani kuonyesha nini kinakwenda kupotea. Lakini angalieni kilichobeba uzito. Wanasayansi walikwenda wakahesabu samaki, wadudu, mchanga unaosafiri na maji. Na wanakijiji wa Kutë, ambao bwawa la Poçem lingefunika mashamba yao, walifungua kesi, na 2017 mahakama ya utawala ya Tirana ikawapa haki. Kayaki ilileta macho, kijiji kikaleta haki, wanasayansi wakaleta ushahidi. Tarehe 15 Machi 2023 serikali ikatangaza Vjosa hifadhi ya taifa, mto mzima na vijito vyake vikubwa, sio ukingo tu, mto wenyewe. Serikali ileile iliyokuwa inataka mabwawa.

Australia, mto Franklin, Tasmania. Daktari mmoja, Bob Brown, alishuka nao kwa rafti 1976 akatoka humo na msimamo. Walipiga kampeni miaka, 1982 watu wakaenda kuziba njia za ujenzi na zaidi ya elfu moja wakakamatwa, na 1983 mahakama kuu ikaamua kwa majaji wanne dhidi ya watatu kwamba bwawa lisijengwe. Jaji mmoja tu! Na kilichowabeba ni kwamba eneo lilikuwa limeshaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia, yaani karatasi ilikuwepo kabla ya kesi. Wakili hapo juu kasema hilohilo.

Na Marekani wana sheria kamili ya mito ya porini, Rais Johnson aliisaini 1968, ikaanza na mito minane. Wazo lenyewe lilisukumwa na ndugu wawili, John na Frank Craighead, wataalamu wa wanyama waliokuwa wanashuka mito wakaona inafungwa mmoja baada ya mwingine. Kwa sheria ile mto ukishawekwa kwenye orodha, serikali kuu haiwezi kuruhusu bwawa la umeme juu yake. Wana mabwawa maelfu na bado waliona lazima mito mingine iachwe. Hapo Fundi ndo nakujibu ile hoja yako ya nchi zilizotajirika, ni kweli walijenga kwanza, na walipofika katikati wakagundua wanabakiwa na nini. Sisi kipande cha Jinja kinabaki kimoja. Hatuna cha kufanyia majaribio.

Fundi Saketi
Nimesoma yote mpaka hapo. Sitasema nimegeuka, ila nasema hivi: kama kweli umeme upo na shida ni waya, basi kwenye karatasi yenu andikeni na hilo. Dai waya kijijini. Msidai mto peke yake, mtaonekana mnataka watu wa Itanda wakae gizani ili maji yawe mazuri. Mkiandika yote mawili, mimi mtu wa saketi nitasaini.

Boda wa Njeru
Fundi umeongea vizuri. Huku watu watasikiliza ukianza na stima.

Mzee wa Nyakato
Na mimi naongeza, muwaulize wavuvi wapi samaki wanazalia. Maji yanayokimbia kwenye mawe yana samaki wake, kwenye bwawa hawakai. Sisi huku tumeona ziwa lilivyobadilika sangara alipoingia, samaki wadogo wengi wa asili tuliokula utotoni hawapo. Baadhi yao wanasayansi waliwakuta bado wamejificha kwenye miamba na mito. Hilo liandikwe.

Kafi la Nyanza
Mzee hilo ni zito na nilikuwa sijalipa nafasi yake, linaingia.

Basi naweka hapa nilichokusanya kutoka kwenu, kisha tuendelee kurekebisha. Karatasi iende kwa wabunge wa pande zote mbili za mto, Jinja na Kayunga, na nakala kwa mamlaka ya mazingira na ya misitu. Iombe kipande cha kuanzia chini ya ukuta wa Bujagali mpaka pale bwawa la Isimba linapoanza kitangazwe kisheria kuwa mto usiowekewa ukuta wala kugeuzwa mkondo, na kufuta tangazo hilo kupitie bunge. Sehemu za ibada zitajwe kwa majina, wazee wenyewe wakikubali zitajwe. Wavuvi na wachota maji waandikwe kwamba wanabaki. Waya za umeme za vijiji vya ukingoni ziandikwe kwenye ukurasa wa kwanza. Samaki wa kwenye miamba, tutafute mtu wa chuo aje apime nasi, boti tunazo, tunampeleka bure mahali ambapo hawezi kufika kwa miguu. Na Wakili, tunaomba utusomee kabla haijatoka, ile miezi miwili nimeibandika ukutani.

Kila mwongoza rafti hapa ana video za miaka kwenye simu yake, za mto kabla na baada ya Isimba. Tumeanza kuzikusanya, zenye tarehe na mahali. Mwenye za Bujagali kabla ya 2012 anitafute inbox, hizo ni chache sana na ndo zinahitajika.

Wakili wa Arusha
Nitasoma. Nitumie kwa word sio picha. Na kwenye mipaka usiandike "karibu na", weka nukta za GPS za juu na za chini, kila upande wa ukingo, na visiwa vyote vilivyo katikati. Kesi nyingi za ardhi zinafia kwenye mipaka.

Sagana Current
GPS niko nayo ya maana, nakuja Jinja mwisho wa mwezi na wasee wawili. Tutashuka polepole tukichukua points, Boda atutangulie barabarani na maji ya kunywa.

Boda wa Njeru
Niko tayari. Lakini mpite kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, kwanza, pande zote mbili, msianze kupima mto wa watu kimya kimya.